Wageni wa Msimu wa Karafuu

Ratiba ya safari aliiandika katibu wetu kwa kalamu za rangi mbili, na ilikuwa na safu tatu: saa, shughuli, mhusika. Siku ya pili, saa nne asubuhi, shughuli ilikuwa "Utamaduni" na mhusika "Wenyeji". Hakuna aliyeuliza. Kila mtu alidhani anajua kitakachotokea: ngoma itapigwa, kina mama watakuwa wamejifunga kanga za sare, tutapiga makofi na picha, tutatoa chochote kitu, kisha tutakwenda kula.

Sisi ni kikundi cha kuweka na kukopa cha Morogoro mjini. Tuna wauza nafaka, mafundi cherehani, walimu, muuguzi mstaafu asiyependa kuitwa mstaafu, na mimi ninayeishi kwa kuandika. Kila Desemba tunavunja kikoba, kila mmoja anaondoka na chake. Safari hii faida ilinona, na mwenyekiti akapendekeza sehemu yake tuile pamoja mahali penye bahari. Zogo likaanza. Wengi walitaka Unguja, tena Nungwi, kwa kuwa ndiko kila mtu anakopigia picha za machweo. Aliyegeuza kikao ni mwenzetu mmoja aliyeolewa na Mpemba, mwenye duka la jumla hapo hapo mjini kwetu.

"Nungwi mtalipia mpaka kivuli," alisema. "Twendeni ukweni kwangu, Mtambwe. Nitampigia mama."

Kuna jambo ambalo sisi wa Bara huwa hatulifikirii. Karibu kila mji wetu una duka la Mpemba. Tumetumwa humo tangu utotoni, tumekopa humo sukari, tumeomba humo chenji ya nauli. Yeye anatufahamu hadi siri ya nani hulipa na nani hupita barabara ya nyuma. Lakini kwao Mpemba, ukimwacha mwenzetu huyo, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga. Hoja hiyo ilitosha, pamoja na ile ya malazi kuwa bure, ambayo mweka hazina aliisema kwa sauti ya chini ila kila mtu akaisikia.

Treni ya umeme ilitufikisha Dar es Salaam kabla maandazi hayajaisha, na kesho yake asubuhi tukapanda boti. Mpaka Unguja ilikuwa raha tupu. Watu walisimama nje wakajipiga picha, upepo ukawanyang'anya kofia mbili. Baada ya Unguja ndipo bahari ilipoanza kusema. Boti ikishaiacha rasi ya Nungwi inaingia kwenye mkondo mkali kati ya visiwa viwili, na hapo wenyeji ndani ya boti walinyamaza wote kwa pamoja, bila kuambiana. Nilikaa karibu na mzee mmoja mwenye kofia ya vito na mfuko wa tasbihi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander, ikiwa imejaza kupita kiasi, ilizama upande huu wakati ikienda Pemba, na mamia ya watu wakafa. Mzee hakunisimulia. Alisema tu, "Hapa tuna watu wetu," akaendelea na tasbihi yake. Muuguzi wetu, aliyekuwa akigawa mifuko ya kutapikia kwa bidii ya kazini, alikaa naye akafumba macho.

Mkoani tuliteremka tukiwa tumelegea. Gari lilikuwa likitungoja, na tangu hapo hadi Wete, kaskazini, mimi nilikuwa nimegandisha uso dirishani. Nilitarajia mchanga na minazi. Pemba ni vilima: panda, shuka, bonde la mpunga, panda tena, msitu, nyumba ya makuti, nyumba ya mabati, skuli, msikiti, panda. Wanajiografia wa Kiarabu wa zamani walikiita Kisiwa cha Kijani, na hawakuhitaji kufikiri sana. Kwa urefu ni kama kilomita 67, na kwa sensa ya 2022 kina watu 543,441. Kwa macho ya mgeni wote wamo barabarani, kwa sababu kandokando ya lami yote, kila penye ubapa, yametandikwa majamvi, na juu ya majamvi kuna karafuu. Harufu iliingia garini kabla hatujaziona. Mwalimu wa Kemia alianza kutueleza ni mafuta gani yanayotoa harufu hiyo, tukamwomba aache tunuse kwanza.

Karafuu si mmea wa hapa kwa asili. Miche ilifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa kwenye Bahari ya Hindi, na Seyyid Said akawashurutisha wenye mashamba kuipanda. Mwanzoni Unguja ndiyo iliyotamba. Kisha, Aprili 1872, kimbunga kikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama. Tangu hapo utajiri wa karafuu umekuwa wa Pemba, na kwa muda mrefu utumwa wa karafuu pia ulikuwa wa Pemba, maana iliyopandwa na kuchumwa wakati huo ilipandwa na kuchumwa na watumwa, wengi wao wakitoka Bara tulikotoka sisi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yalitaifishwa na watu wakagawiwa eka tatu tatu. Haya nilikuwa nimeyasoma. Sikuwa nimeelewa kuwa bado mwaka mzima wa kisiwa unapangwa kwa mti huo: lini watu waoe, lini waezeke nyumba, lini deni la duka lilipwe.

Kutoka Wete tulivuka ghuba kwa mashua ya mashine. Kuna barabara pia, lakini shemeji aliyetupokea alisema mizigo ni mingi na bahari ni karibu. Tukaacha kulia kwetu Mtambwe Mkuu, ambako maji yakipwa unaweza kwenda kwa miguu. Mwaka 1984 waakiolojia walifukua pale zaidi ya sarafu 2,000 za fedha na chache za dhahabu, za karibu miaka elfu iliyopita, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa pwani hii hii. Leo ukitazama unaona mikoko na nyumba chache za wavuvi. Mweka hazina aliuliza kama sarafu zote ziliisha.

Bibi, yaani mama mkwe wa mwenzetu, alitupokea akiwa amekaa barazani na mguu mmoja ameunyoosha. Mwanamke mdogo wa umbo, macho makali. Tulipanga foleni kumpa shikamoo, naye aliipokea kwa kila mmoja, akishika mkono na kuuliza: mwana wa nani, kazi gani, watoto wangapi, mama yu hai? Alipomaliza alisema, "Basi kaeni kitako," akatugawa. Wanawake wote tukawa mawifi wa nyumba ile, wanaume wote wakawa mashemeji. Kuanzia dakika hiyo mabinti zake waliniita wifi, na kwa haki ya uwifi walinitania unene wangu bila huruma.

Usiku ule tulikula ukumbini, wanaume sinia lao, wanawake letu. Wali wa nazi, changu wa kukaanga, pweza wa mchuzi, na shelisheli la kupikwa kwa nazi ambalo wote tulilidhania viazi vikuu. Taa ilikuwa inawaka vizuri, na katibu, anayependa takwimu, akawaambia wenyeji wake kuwa umeme wanaotumia unatoka kwetu, umepita chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010. "Ahsanteni," alisema shemeji mmoja. "Na karafuu za kwenye pilau yenu?"

Asubuhi, saa nne ya Utamaduni ilipofika, nyumba ilikuwa tupu. Katibu alizunguka uani na ratiba mkononi. Alimkuta Bibi peke yake, amezungukwa na lundo la mashada mabichi, anachambua.

"Bibi shikamoo. Tuliambiwa leo kutakuwa na ngoma?"

"Marahaba. Ngoma ipo, mwanangu. Msewe upo, kibati kipo. Lakini wapigaji wako juu ya miti." Akasogeza jamvi. "Njoo, nawe una mikono."

Hivyo ndivyo tulivyoingia kazini. Wenye nguvu walipelekwa shambani na vijana, sisi wengine tukabaki jamvini na Bibi. Nimejaribu zote mbili kwa hiyo naweza kueleza.

Mkarafuu ni mti mrefu, umenyooka, matawi yake membamba huvunjika ukiyadharau. Mchumaji hupanda na kingoe, kijiti chenye ndoana mwishoni, avute tawi kwake, achume shada zima kabla vitumba havijafunguka kuwa ua. Kikishachanua hakina bei. Rangi ndiyo inayoongoza: kijani kinapoanza kuona haya na kuwa chekundu, ni wakati. Pakacha linaning'inia kiunoni au kwenye tawi. Kila msimu huleta habari za watu walioanguka, na niliona kijana mmoja akijifunga kamba huku mwenzake, mkubwa kwake, akicheka kamba hiyo. Wanawake na watoto huchuma matawi ya chini au huokota mpeta, zile zilizodondoka. Mashemeji wetu wa Morogoro hawakuruhusiwa kupita urefu wa ngazi. Fundi cherehani mmoja, mwenye mikono ya haraka, aliwashangaza. Wauza nafaka, waliozoea kuhesabu magunia ya wenzao, walichoka mapema wakaanza kutoa ushauri.

Jamvini kazi ni nyingine. Bibi alishika shada kwa mkono wa kulia, akaligandamiza kwenye kiganja cha kushoto, akazungusha mara moja. Vitumba vikadondoka upande huu, konyo likabaki mkononi akalitupa upande ule. Sauti ndogo ya mchakacho, kisha shada jingine. Hakuangalia. Alikuwa anazungumza nami habari za mwanawe wa Morogoro, kama anakula, kama amenenepa, huku mikono ikienda. Mimi nililivunja konyo na vitumba pamoja, nikavichanganya, akavitenga bila kukatisha habari. Baada ya muda mikono yangu ilikuwa myeusi na vidole vimeingia ganzi kwenye ncha. Muuguzi akakumbuka kuwa wagonjwa wa meno kwao kijijini hupewa karafuu wazing'ate; sasa akajua kwa nini. Makonyo hayatupwi. Yanauzwa nayo, yanakwenda kiwanda cha Wawi karibu na Chake Chake, yanakamuliwa mafuta.

Wakati wa kuchambua ndipo kijiji kinapozungumza. Jioni walikuja majirani, kila mmoja na kibao au kipande cha mkeka, wakakaa. Hakuna aliyewaita. Leo kwa Bibi, kesho kwa jirani. Palijadiliwa mahari ya mtu, ugonjwa wa mtu, mwalimu mpya wa skuli, na mtoto aliyejifungia chooni na simu ya baba yake. Mama mmoja alianza kuimba taratibu, mwingine akamjibu kwa ubeti alioutunga papo hapo, na walipogundua kuwa unanihusu mimi na namna ninavyokaa, jamvi zima lilitikisika kwa kicheko. Katibu alisimamisha mikono. "Hii ndiyo kibati?" aliuliza. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumjibu.

Nimekwenda sehemu ambako mgeni hufika saa aliyopangiwa, ngoma ikapigwa, ikazimwa alipoondoka. Sina ugomvi nazo. Wapigaji wanakula kwa jasho lao na wengine ni wasanii wa kweli. Ila pale mgeni ni mteja, na mteja haambiwi kuwa anavunja makonyo vibaya. Kwa Bibi tuliambiwa, mara kadhaa. Nadhani ndiyo sababu nilijifunza zaidi jamvini kuliko katika maonyesho yote niliyowahi kukatiwa tiketi.

Halafu mvua. Karafuu iliyochambuliwa hutaka jua la siku kadhaa, na vuli haina adabu. Tulikuwa tunakunywa chai alasiri moja pale mtoto alipopiga kelele kutoka njiani: "Anueni! Anueni!" Sijawahi kuona watu wazima wakikimbia vile. Bibi, aliyekuwa hawezi kuinuka bila kushikwa mkono, aliinuka. Majamvi yalikunjwa ncha kwa ncha, karafuu katikati, yakabururwa barazani, na yasiyotosha yakaingizwa vyumbani mpaka kwenye kitanda nilicholalia. Tone la kwanza zito lilipoanguka uwanjani, uwanja ulikuwa mtupu. Karafuu iliyonyeshewa hupauka na kuvimba, hushuka daraja, na daraja ni pesa. Usiku ule nililala na karafuu ubavuni, nikaamka na harufu yake kwenye nywele.

Wanaojua bei waliniambia mambo kwa tahadhari. Karafuu kavu inauzwa kwa shirika la serikali, ZSTC, na si kwa mtu mwingine yeyote. Kuivusha kwa magendo kwenda Mombasa ni kosa, na zamani bei ya serikali ilipokuwa duni, usiku mashua zilikuwa na kazi. Tulimsindikiza shemeji kituoni na mapolo yake. Mpimaji alitumbukiza mkono ndani ya polo hadi kiwikoni, akatoa karafuu za chini, akazitandaza kiganjani, akaikunja moja. Ilivunjika kwa mlio. Kavu. Kisha akatafuta makonyo yaliyojificha na vitumba vilivyokatika vichwa, huku shemeji akitazama uso wake na wala si kiganja. Mizani ikapanda. Mweka hazina wetu, mtu wa namba, alinong'ona kuwa ni mara ya kwanza anamwona mkulima akilipwa papo hapo bila dalali katikati, na kwamba angependa mahindi ya Kilosa yafike hapo. Mwenyekiti akamjibu kuwa mnunuzi mmoja ni mzuri siku anapotoa bei nzuri. Waliendelea hivyo mpaka Wete.

Hatukukosa matembezi. Tulikwenda Chwale kutazama mchezo wa ng'ombe, ambao wengi husema uliachwa na Wareno waliotawala pwani hii karne ya 16 na 17. Ng'ombe dume mwenye nundu, kamba ndefu mguuni, zumari inalia, wanawake wanaimba kumchokoza, na kijana mwenye nguo mkononi anaingia uwanjani kumwonyesha. Ng'ombe hauawi. Mchezo ukiisha anarudi kwao, na mwenyewe anamsifu kwa jina. Nilikuwa nimejiandaa kuchukizwa, nikajikuta nimepanda juu ya ukuta na wanawake wengine, tunamzomea kijana aliyekimbia mapema. Kijana mwenyewe aligeuka, akatuonyesha ufupi wa kamba, akaturudishia kicheko.

Msitu wa Ngezi tuliupita kwa haraka kwa sababu ya mbu, ingawa sitasahau miti ya mpapindi, mitende ya Pemba isiyoota porini kwingineko. Kidike tulisimama kuona popo, wale wakubwa wa Pemba, wakiwa wamening'inia mchana kweupe na kugombana kwa kelele. Miaka ya mwanzo ya 1990 walibaki elfu chache tu kwa sababu ya kuwindwa kama kitoweo. Vijiji viliunda vikundi vya kuwalinda, na leo wanapita elfu ishirini. Mlinzi, mwanakijiji, alitusimulia kuwa babu yake alikuwa mwindaji wao hodari. Ufukwe wa Vumawimbi ni mzuri kama mnavyoambiwa. Tuliogelea wenye kujua kuogelea, wengine wakalowa mpaka magotini na kupiga kelele, na ilipofika mchana watu wakaanza kuuliza kama Bibi amebaki na nani jamvini.

Ambacho hatukukipanga ni pesa. Mweka hazina alikuwa na bahasha iliyoandikwa "Wenyeji", na jioni ya kuaga alimpelekea Bibi kwa mikono miwili, kwa maneno mazuri aliyoyafanyia mazoezi. Bibi aliitazama bahasha, hakuigusa.

"Hii ya nini?"

"Malazi na chakula, Bibi. Ahsante yetu."

"Wanilipa? Na mwanangu huko dukani kwenu atawatazama vipi? Siku akiumwa nani atampeleka hospitali, bahasha?"

Mweka hazina akairudisha mfukoni. Mwenzetu, mkwe wa nyumba, alikuwa ametuonya mapema na hatukumsikiliza. Sasa alijitia kuangalia dari. Lakini kisa hakikuishia hapo. Mjukuu wa Bibi, anayesimamia wachumaji, akaja na daftari lake. Karafuu mbichi walizochuma mashemeji wetu zilikuwa zimepimwa kila jioni pamoja na za wengine, kwa pishi, na ujira ulikuwa umeandikwa mbele ya kila jina, pamoja na la yule muuza nafaka aliyetoa ushauri kuliko karafuu. Alihesabu noti na kuziweka juu ya mkeka.

Tulikataa, tukaona aibu, tukakataa tena. Bibi akakasirika hasa. Kuchambua ni jamvini, alisema, huko hakuna hesabu, leo wewe kesho mimi. Kuchuma ni kazi, na mchumaji asipolipwa mwaka huu, mwaka ujao nani atapanda mti wake? Fundi cherehani alichukua chake, akatia mfukoni, akasema ni pesa safi kuliko zote alizopata mwaka ule. Wengine wakafuata. Mweka hazina alifungua kitabu cha kikundi na kukaa kitambo na kalamu yake hewani, kwa maana ukurasa wa safari ulikuwa na safu ya matumizi tu, na sasa alikuwa na mapato.

Ndani ya boti ya kurudi, bahari ilikuwa shwari na watu wamelala begani mwa wenzao. Kila mzigo ulinuka karafuu. Bibi alimpa kila mtu kifuko, na halua ya Wete kwenye kikapu cha ukili kwa ajili ya mwanawe, yenye maelekezo makali kwamba isifunguliwe njiani. Mwenyekiti aliitisha kikao hapo hapo, kwenye viti vya nyuma, ajenda moja. Bibi alikuwa amesema kuwa hajawahi kuona milima ya Uluguru, na kwamba sasa ana mawifi na mashemeji wengi Morogoro kiasi kwamba hana sababu ya kutokwenda. Hakuomba. Alitaarifu tu.

Kwa hiyo ikabidi tujue: alale kwa nani, ngazi za nani si ndefu, nani jirani na msikiti, nani atampikia samaki wakati samaki wetu ni wa bwawani. Muuguzi alisema atampeleka hospitali akapimwe mguu ule. Katibu alichukua karatasi mpya.

"Mwezi gani?" aliuliza.

"Wa sita," alisema mmoja wa wauza nafaka. "Dakawa watakuwa wanavuna mpunga. Hatuwezi kumleta akae bure."